Nzuri kwa Asilimia Mia na Moja

Sogea hapa nikutegee. Kitu changu nakitoa kila asubuhi. Nampa jirani, nampa mpita njia, nampa hata yule ninayemshuku kuwa mchawi. Na siku ninapokitoa kwa wingi ndiyo siku ambayo mwenyewe sina hata chembe. Ni nini?

Usiseme pumzi, pumzi ninayo. Usiseme baraka, hizo si zangu za kugawa. Fikiri tena. Umeshindwa? Haya, nipe mji.

Mji mmoja hautoshi, mjukuu wangu, mimi nimezeeka. Nipe nchi nzima. Unanipa Jamhuri ya Shwarini? Naipokea. Basi nimekwenda Shwarini, nimekula wali wa Shwarini, nimekunywa maji ya Shwarini siku yalipotoka, nimelala, nimeamka, nimerudi na jibu. Jibu ni "nzuri". Ile nzuri ya kuitikia salamu. Na sasa tulia, nikueleze jinsi nzuri hiyo ilivyotaka kumkosesha binti wa watu kitanda cha kuzalia.

Shwarini ilikuwa nchi ya mbali kabisa, huijui wala humjui mtu wa kule. Mabomba yalikuwapo, na maji yalikuja yalipojisikia. Barabara zilikuwapo, baina ya shimo na shimo. Serikali ikakaa vikao saba kuzungumzia mashimo. Katika kikao cha saba ikaonekana kwamba kuliziba shimo ni kazi kubwa, lakini kuyarekebisha mawazo ya aliyetumbukia ni kazi ndogo, tena yaweza kufanywa kwa redio. Ndipo ikaundwa Wizara ya Fikra Chanya. Ikapewa jengo la Wizara ya Maji, maana lilikuwa halitumiki.

Wizara ilianza kwa nguvu. Umeme kukatika kukaitwa Mapumziko ya Macho. Foleni ikaitwa Mkutano wa Hiari. Kwenye kila bomba pakasimikwa kibao: SIMAMA. FUMBA MACHO. WAZA MAJI. Watu wa Shwarini ni wasikivu. Walisimama na ndoo zao, wakafumba macho, wakawaza maji, na wapo walioapa kwamba waliyasikia. Kisha wakachukua ndoo zao wakaenda mtoni. Mtoni hapakuwa na kibao.

Hata majina yaliguswa. Alikuja karani mwenye kalamu nyekundu katika mtaa wa Kisima Kikavu, ambao asubuhi hiyohiyo ulikuwa umeitwa Kisima Tele. Mama Shida akaandikwa Mama Fursa. Mzee Mashaka akaandikwa Bwana Uhakika. Mzee Taabu akaandikwa Bwana Starehe, na mkewe akakataa katakata kumwita hivyo mbele za watu.

Zamu ikamfikia Bi Sikudhani, mjane msuka mikeka. Karani akalitazama jina lake muda mrefu.

"Hukudhani nini, mama?"

"Mimi sikudhani kitu, baba. Ni mama yangu. Alikaa miaka tisa bila mtoto. Aliponipata akasema, sikudhani."

"Kwa hiyo alikuwa na fikra hasi kwa miaka tisa."

"Sijui. Lakini mimba alikaa nayo miezi tisa, kama wenzake."

Karani akajikuna sikio kwa kalamu, akabaki na sikio jekundu, akaandika: *Aachwe na jina lake, kwa uangalizi.*

Mwaka wa tatu Wizara ikataka kujua kazi yake imefika wapi. Ikaandaa Sensa ya Hali. Aliyeletwa Kisima Tele ni Bwana Kilatu, mtu mzima, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alibeba daftari kubwa lenye swali moja tu: Habari za hapa? Chini ya swali palikuwa na safu mbili. Safu ya Nzuri ilikuwa pana, ungeweza kuanika samaki. Safu ya Mbaya ilikuwa nyembamba hata kalamu ilikuwa haienei, maana aliyeichora alikuwa mwenye matumaini.

Siku hiyo Sikudhani alikuwa na homa ya siku tatu. Paa la jiko lake lilikuwa kwa jirani, lilipopelekwa na upepo. Kuku wake wote walikuwa wamekufa kwa kideri, isipokuwa jogoo mmoja, na huyo naye alikuwa amesimama pembeni akiwaza.

"Hodi hapa."

"Karibu, baba."

"Habari za hapa?"

"Nzuri," akasema Sikudhani, meno yanagongana. Kisha akavuta pumzi aseme "ila" yake, ile inayofuata nzuri. Ilikuwa ila ndefu, ilihitaji pumzi. Alipomaliza kuivuta, Bwana Kilatu alikuwa amekwisha kufunga daftari na yuko nyumba ya tatu.

Hapa nikueleze desturi ya kule, usije ukawadhania ni waongo. Shwarini mtu hamtupii mgeni matatizo yake mlangoni. Kwanza nzuri, halafu kiti, halafu maji ya kunywa, na ndipo ila. Siku alipofariki baba yake Sikudhani, mjomba mmoja alitoka mbali akauliza, "Habari za hapa?" Mama yake Sikudhani akaitikia huku machozi yanamtiririka, "Nzuri, kaka, karibu, ndiyo tunakwenda kumzika." Hakuna aliyeshangaa. Nzuri ile ilikuwa mkeka wa kumkalishia mgeni, na habari yenyewe ilikuja baadaye, kwenye ila. Wizara sasa ilikuwa imepita nyumba laki mbili, imekusanya mikeka, na kuondoka kabla mtu hajakaa.

Mzee Mashaka, namaanisha Bwana Uhakika, aliyekuwa ameanguka kutoka juu ya mnazi na hajaokotwa, alijibu akiwa palepale chini: "Salama, bwana. Za utokako?" Akaandikwa safu pana.

Matokeo yakatangazwa redioni na Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Mavumba. Udokta wake ulikuwa wa kutabasamu, aliupata kwa njia ya posta.

"Ndugu wananchi," alisema, "wataalamu wetu wa zamani walipoteza miaka wakipigana na maradhi. Hawakumjua adui. Adui ni mtu kuyataja! Leo natangaza, tena kwa unyenyekevu mkubwa ambao sijauona kwa mtu mwingine yeyote, kwamba Shwarini ni nzuri kwa asilimia mia na moja!"

Ile moja ilitoka kwa mzee mmoja mkarimu wa kaskazini, aliyejibu "nzuri, nzuri".

Nchi ikapiga vigelegele. Wiki iliyofuata lori likaja kuichukua zahanati.

Jengo liliachwa, kwa kuwa halikuingia kwenye lori. Lakini ilisemekana kwamba zahanati katika taifa zima lisilo na mgonjwa ni matusi kwa sensa. Ukachukuliwa mzani wa watoto. Zikachukuliwa dawa. Kikachukuliwa kitanda cha kuzalia, cha chuma, chenye vyuma viwili vya kuegeshea miguu. Mtaa mzima ulizaliwa juu ya kitanda kile. Kikapelekwa stoo ya wilaya, kikisubiri kupelekwa nyumba ya mapumziko ya Wizara, ambako wageni wa Waziri wangelala wameinua miguu ili fikra ziteremkie kichwani.

Nesi Perpetua, mkunga wa pale kwa miaka ishirini na miwili, aliletewa badala yake boksi la karatasi za kuwasomea wagonjwa. Mwenye homa asomewe karatasi ya manjano. Mwenye kuhara asomewe ya kijani, lakini kwa kifupi.

Sasa Sikudhani alikuwa na binti mmoja, Zawena, na Zawena alikuwa na mimba ya miezi minane. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza uchungu ulimkuta mwaka jana, wiki ambayo Nesi Perpetua ameitwa wilayani kwenye semina ya kutabasamu. Wakampakia kwenye mkokoteni wa mkaa kumpeleka hospitali ya wilaya, huko ng'ambo ya vilima vitatu. Alijifungulia kwenye kilima cha pili. Mtoto hakulia.

Tangu hapo Zawena hakuwa mtu wa maneno mengi. Jioni lori lilipoondoka na kitanda aliuliza moja tu: "Mama, mara hii nitazalia wapi?"

Sikudhani akaendelea kusuka. Alisuka mpaka mkeka ukawa mrefu kuliko chumba.

Kulikuwa na mlango mmoja uliobaki wazi. Sheria ilitaka sensa ihakikiwe. Mwezi mmoja baada ya matokeo, kila wilaya itachagua nyumba moja kwa kura, na Waziri ataiuliza swali lilelile. Wakijibu nzuri, sensa imethibitika na kitanda kinaenda nyumba ya mapumziko. Wakijibu vingine, sensa imebatilika na kitanda kinarudi kilikotoka, saa ileile. Ili kuokoa mafuta, lori litasimama palepale, kitanda kikiwa juu yake.

Kura ya wilaya ikapigwa katika kofia ya Mjumbe Songoro, kiongozi wa mtaa. Ikatoka nyumba ya Sikudhani.

Mtaa ukapumua. Neno moja tu, tena fupi: mbaya.

"Hata halihitaji mazoezi," Nesi Perpetua alimwambia. "Lakini hebu tulipitie. Mimi ni Waziri. Hodi hapa!"

"Karibu, mwanangu."

"Habari za hapa?"

"Nzuri."

Wakatazamana.

"Sikudhani!"

"Limetoka lenyewe, dada."

"Tena. Habari za hapa?"

"Nzu… Subiri kwanza. Usinitazame machoni. Geukia huko."

Nesi akageukia ukutani, akauliza ukuta. Nyuma yake ikatoka sauti ndogo: "Salama."

Walifanya hivyo siku nne. Sikudhani aliweza kuuambia ukuta neno "mbaya". Aliweza kuuambia mtungi. Siku ya tatu alimwambia yule jogoo, na jogoo akaondoka. Lakini mtu akisimama mbele yake na kuuliza, mdomo ulikuwa unamwona mama yake mlangoni, amejifunga kaniki, akimkaribisha mjomba kwenye msiba. Na mdomo ulikuwa unamtii mama yake.

Siku ya tano akaona heri aandike. Alisoma mpaka darasa la nne, mwandiko wake ulikuwa mzuri. Akaenda ofisini kuomba fomu ya malalamiko.

"Hatuna," karani alimwambia. "Tuna fomu ya Shukrani. Kama una jambo, unalishukuru, halafu unaongeza kuwa halipo."

Sikudhani akaandika: *Nashukuru kwa kitanda cha kuzalia ambacho hakipo.*

Jibu likaja haraka, sharti niseme, kabla ya wiki kwisha: *Shukrani yako imepokelewa. Wizara imefarijika. Endelea kushukuru.*

Naye Mjumbe Songoro alikuja mchana, siku moja kabla ya uhakiki. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wake. Akakaa, akanywa maji, akazungusha kofia yake mikononi.

"Shemeji, mtaa wetu umeandikiwa barua ya sifa. Ya kwanza tangu nizaliwe. Imeandikwa jina langu, na limeandikwa sawasawa."

"Hongera, shemeji."

"Basi kesho usituharibie. Neno lenyewe hata hulitafuti, linatoka lenyewe."

"Hiyo ndiyo taabu yangu."

"Usiseme taabu, shemeji. Sema starehe."

"Hiyo ndiyo starehe yangu," akasema Sikudhani, na Mjumbe akaenda zake roho imetulia.

Asubuhi ya uhakiki, kabla hata chai haijachemka, Zawena alishika mlango akainama.

"Mama, kumeanza."

Nesi Perpetua akaja mbio na beseni, wembe na kipande cha sabuni, vitu ambavyo Wizara haikuviona. Akamlaza Zawena kwenye ule mkeka mrefu. Akampapasa tumbo, akampapasa tena. Kisha akatoka akamshika Sikudhani kiwiko, akamnong'oneza.

"Mtoto ametanguliza miguu. Chini hapa siwezi kumgeuza wala kumshika vizuri. Kwenye kitanda nitaweza, nimefanya mara nyingi. Nipe kitanda, Sikudhani. Nipe kitanda mapema."

Nje lori lilikuwa limekwisha kufika. Kitanda kilikuwa juu yake, kimefungwa utepe.

Akateremka Waziri. Ikateremka bendi. Akateremka mpiga picha, na mtu wa kumfundisha mpiga picha. Mwisho akateremka Bwana Kilatu na daftari lake. Mtaa mzima ulikuwa umesimama, kofia ya Mjumbe imepigwa pasi.

Waziri akahutubia kwanza. Alizungumza juu ya glasi, juu ya jua, juu ya bibi yake ambaye hakuwahi kuugua mpaka alipokufa. Alisema nyumba hii itaingia katika historia, na kwamba kwa udogo wake haitachukua nafasi kubwa. Ndani Zawena akapiga kelele.

"Ni nini hiyo?" Waziri akauliza.

"Kwaya," akasema Mjumbe Songoro. "Wanafanya mazoezi."

"Sauti ya kwanza hiyo. Safi sana." Waziri akasogea mbele ya Sikudhani, akainama kidogo kwa ajili ya picha. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za hapa?"

Bwana Kilatu akaweka kalamu juu ya daftari.

Sikudhani akafungua mdomo. Akalisikia neno linapanda, lile lile, limenyooka, limeoga, tayari kutoka. Akaufunga mdomo. Meno yakagongana kama siku ya homa. Na kwa kuwa mtu hawezi kumwacha mgeni amesimama hivihivi, akafanya kitu pekee alichokijua.

"Za utokako?" akauliza.

"Nzuri," akasema Waziri.

"Za watoto?"

"Nzuri, wote wazima."

"Za kazi?"

"Nzuri."

"Na za safari, mwanangu?"

"Nzuri," akasema Waziri, ambaye naye alikuwa na mama, na mama huyo alimlea. "Nzuri, ila hiyo barabara yenu imetuvunja migongo."

Mpiga picha alishusha kamera. Mpiga ngoma wa bendi, ambaye alikaa nyuma kabisa ya lori njia nzima, alisema "kweli kabisa" kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia.

"Imetunyoosha," akasema Waziri. "Nilikusudia kusema imetunyoosha migongo."

"Pole, mwanangu," akasema Sikudhani.

"Sijapata la kupewa pole, mama!" Akatoa leso akajifuta paji la uso. Tabasamu lilikuwa bado lipo, udokta si kitu cha kupotea hivihivi, lakini lilikuwa limebaki upande mmoja. "Nimekuuliza swali, na hujalijibu. Taifa linasubiri. Mheshimiwa Rais anasubiri. Habari za hapa?"

Zawena akalia tena ndani. Safari hii haikuwa sauti ya kwanza wala ya pili. Mjumbe Songoro akafungua mdomo kuitaja kwaya, akautazama mlango, badala yake akavua kofia. Ndani Nesi Perpetua alisikika akisema, "Usisukume, mama, usisukume bado, nakuomba."

Bwana Kilatu hakufunga daftari. Alikuwa amelifunga katika maelfu ya nyumba kabla ya hii, kila mara akimwacha mtu na pumzi aliyoivuta, na kila mara akiambiwa wilayani kuwa yeye ni mwepesi wa kazi. Sasa akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa. Akaitafuta safu nyembamba kwa ncha ya kalamu, akaipata, akangoja.

"Nachukulia ni nzuri," akasema Waziri. "Andika, karani."

"Hajasema, Mheshimiwa," akasema Bwana Kilatu.

"Kila mtu husema hivyo!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Lakini hajasema."

Dereva akawasha lori. Utepe juu ya kitanda ukaanza kutetemeka. Sikudhani akamwona mama yake amesimama pale mlangoni na kaniki yake, mkono umenyooshwa kumkaribisha mgeni, na nyuma ya mama yake chumba kimejaa watu waliokuja kuzika. Akampita. Akasogea mpaka akawa karibu na Waziri kiasi cha kuliona vumbi la barabara kwenye kope zake, akamtazama machoni, macho ambayo ukuta na mtungi havikuwa nayo.

"Mbaya, mwanangu," akasema. "Mbaya sana. Shusheni kitanda."